HAKI YA NJIA NA MATUMIZI YA UA WA JIRANI

Katika mitaa ya Ng'ambo ya Mji wa Zanzibar, na katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba, nyumba nyingi zilijengwa kwa kuelewana kabla ya viwanja kupimwa. Aliyetangulia alimwachia jirani pa kupita. Aliyechimba kisima aliwaruhusu wenziwe wateke. Ua mmoja ulitumika kwa kuanikia nguo, kwa shughuli za harusi na kwa kukalia msiba. Maelewano hayo yalitosha maadamu waliokubaliana walikuwa hai. Ugomvi huzuka pale nyumba inaporithiwa au kuuzwa, na mwenyewe mpya akaanza kujenga ukuta.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wananchi tofauti baina ya haki na ihsani katika jambo hilo, na hatua za kuchukua kabla ya ugomvi.

Mfano

Nyumba ya nyuma haina pa kutokea barabarani ila kwa kupitia ua wa nyumba ya mbele. Familia yake imepita hapo kwa miaka 30. Nyumba ya mbele inauzwa. Mnunuzi anajenga ukuta na kuacha upenyo ambao mtu mmoja hupita kwa ubavu. Jeneza halipiti, wala mgonjwa hawezi kutolewa juu ya kitanda. Familia inadai kuwa miaka 30 inatosha kuwapa haki. Mnunuzi anajibu kuwa hati yake haitaji njia yoyote. Jawabu haipatikani kwa kuhesabu miaka peke yake.

1. Haki na ihsani

Haki ya njia ni haki ya kiwanja kimoja juu ya kiwanja kingine. Haimfuati mtu, bali inafuata ardhi. Wenyewe wakibadilika kwa mirathi au mauzo, haki hubaki pale pale.

Ihsani ni ruhusa ya mtu kwa mtu. Aliyeitoa kwa hiari anaweza kuiondoa baada ya kutoa muda wa kutosha, na kwa kawaida hukoma anapofariki au anapouza. Kwa macho mambo hayo mawili hayatofautiani, kwani watu ni wale wale na njia ni ile ile. Tofauti hujulikana siku ya ukuta.

2. Miaka inahesabiwa vipi

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 hadi 1963, na misingi mingi ya sheria za Kiingereza iliingia katika mahakama zake. Sheria ya Uingereza ya 1832 na ile ya India ya 1882 ziliweka kipimo cha miaka 20 kwa haki ya njia inayotokana na matumizi. Lakini matumizi hayo yalipaswa kutimiza masharti matatu: yasiwe ya nguvu, yasiwe ya siri, na yasiwe ya kuomba ruhusa.

Sharti la tatu huwashangaza wengi. Jirani aliyeomba, akaambiwa "piteni tu", hajengi haki kwa kipimo hicho cha miaka 20, kwa kuwa alipita kwa ihsani. Aliyepita waziwazi bila ya kuomba wala kuzuiwa ndiye mwenye hoja. Kwa hivyo wazee wa mtaa waulizwe mapema ni vipi njia ilianza.

Ipo hoja nyingine. Iwapo viwanja viwili vilikuwa kimoja, kikagawanywa na sehemu ya nyuma ikakosa pa kutokea, msingi wa sheria ni kuwa aliyegawa hakukusudia kumfungia mwenziwe, na njia ya dharura hudhaniwa kuwepo. Hoja hii haihitaji miaka, bali inahitaji ushahidi wa mgawanyo.

3. Matumizi ya pamoja yana mpaka

Kesi mbili za Uingereza zinafundisha. Katika shauri la Ellenborough Park, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1955, wenye nyumba zilizozunguka bustani walitambuliwa kuwa na haki ya kuitumia kwa pamoja. Haki hiyo iliandikwa katika hati za mauzo, ilinufaisha nyumba zao, na wao walikubali kuchangia matengenezo.

Katika shauri la Copeland dhidi ya Greenhalf la mwaka 1952, fundi wa magurudumu alidai haki ya kuweka magari katika ukanda wa ardhi ya jirani, palipotumiwa hivyo na yeye na baba yake kwa miaka 50. Mahakama ilikataa, kwa kuwa dai lake lilikaribia kumnyima mwenye ardhi matumizi yote. Ni hivyo hivyo kwa ua: kupita na kuanika ni kutumia, kujaza matofali na mabati mwaka mzima ni kumiliki kwa jina jingine.

4. Hatua zinazofaa

Kwa mujibu wa Sheria Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hivyo mipaka na masharti yaliyoandikwa ndiyo kinga yake. Wananchi wanashauriwa:

(a) Kuandika makubaliano wakati wa amani, yakitaja upana wa njia kwa mita, matumizi yanayoruhusiwa, na nani atalipia matengenezo.

(b) Kutia saini mbele ya mashahidi na kumjuulisha Sheha, kisha kupeleka makubaliano yaandikishwe pamoja na hati za viwanja vyote viwili.

(c) Kabla ya kununua nyumba, kufika mchana na kutazama nani anapita uani, na kumuuliza.

(d) Kwa Mji Mkongwe, kupata kibali cha Mamlaka ya uhifadhi kabla ya kujenga au kubomoa ukuta.

(e) Usuluhishi ukishindikana, kufungua shauri katika Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994, badala ya kuvunja ukuta kwa mkono.

Familia ya nyumba ya nyuma inaweza kuwa na haki, au isiwe nayo. Hilo litategemea jinsi wazee wao walivyoanza kupita na jinsi viwanja vilivyogawanywa, mambo ambayo walioyajua wengi wamekwisha kufariki. Karatasi moja iliyoandikwa miaka 30 nyuma ingemaliza shauri kwa siku moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.