Dokta Kasemaje? Usione Soo Kuuliza

Hebu fikiri: ni saa mbili usiku, uko hospitali, kitengo cha dharura. Mdogo wako kaanguka kutoka juu ya mwembe, mkono umepinda. Daktari anapita haraka: "Ana frakcha. Abaki NPO, anakwenda thieta." Unaitikia kwa kichwa, lakini hujaelewa kitu. Dogo analia njaa, unamletea chai na maandazi. Kumbe unamhatarisha!

Maana yake nini?

Frakcha: Mfupa umevunjika. Wengi hudhani ni ufa tu. Kwa daktari, uwe ufa au umekatika kabisa, jina ni hilohilo.

NPO: Asile wala asinywe. Akipewa nusu kaputi, chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Thieta: Chumba cha upasuaji.

Hasi na chanya: Hasi si habari mbaya, kilichotafutwa hakikuonekana. Chanya ni kwamba kimeonekana. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, usishangilie!

Sasa ufanyeje?

1. Sema: "Samahani dokta, sijaelewa. Naomba unieleze kwa lugha ya kawaida."

2. Rudia kwa maneno yako: "Yaani asinywe hata maji?" Ukikosea, atakusahihisha.

3. Kama mgonjwa ameshakula, usifiche. Taja alichokula na saa ngapi.

Daktari ana haraka, ni kweli. Lakini swali moja halichukui hata dakika. Kuuliza si ujinga!