SOMO LA UFUNDI NA HESABU: KUBADILI PIKAPU IVUTE KWA MAGURUDUMU MANNE



Mvua ikinyesha Migato, udongo mweusi wa mbuga hubadilika. Wakati wa kiangazi ni mgumu na una nyufa. Ukipata maji huvimba, hulainika na kunata. Baiskeli husimama kwa sababu tope limejaa kwenye madigadi. Na pikapu? Pikapu huchimba shimo na kuzama mpaka ekseli.

Hilo si jambo dogo. Katika pikapu hiyo huenda yamo magunia ya choroko yanayopelekwa Bariadi. Huenda yumo mama mwenye uchungu wa uzazi anayewahishwa hospitali. Ndiyo maana wenye pikapu ya kuvuta nyuma tu husema, "Tuibadili, ivute na mbele." Pengine wameambiwa kuwa ni kazi ndogo. Leo tujifunze ni kazi ya namna gani, ili tusitoe fedha kabla ya kujua tunanunua nini.

1. NGUVU INAPITA WAPI?

Nguvu hutoka kwenye injini. Hupita kwenye klachi, halafu gia boksi. Kutoka hapo hushika chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari. Chuma hicho huitwa propela. Propela huzungusha difu ya nyuma, na difu huzungusha magurudumu mawili ya nyuma. Magurudumu ya mbele hayavuti. Yanasukumwa tu.

Sasa angalia uzito. Injini iko mbele. Pikapu ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi. Kumbe magurudumu yanayovuta ndiyo yasiyo na uzito wa kuyakandamiza chini! Ndiyo maana pikapu tupu huteleza upesi kwenye tope.

Tena difu ya kawaida ina tabia moja. Gurudumu moja likikosa mshiko, difu huliacha lizunguke bure, na lile lenye mshiko halipati nguvu ya kutosha. Gari husimama huku gurudumu moja likirusha tope.

2. GARI LA MAGURUDUMU MANNE LINA NINI ZAIDI?

Lina boksi jingine lililoungwa na gia boksi. Mafundi huliita transfa. Kazi yake ni kugawa nguvu: nyingine iende nyuma, nyingine mbele. Kwa hiyo ipo propela ya pili na difu ya mbele. Zipo pia shafti za kuzungusha magurudumu ya mbele. Shafti hizo zina jointi, maana magurudumu ya mbele lazima yavute na pia yakate kona.

Basi, kubadili pikapu si kufunga kifaa kimoja. Vinahitajika hivi:

(a) Transfa, na mara nyingi gia boksi yake.
(b) Propela ya mbele. Ya nyuma nayo lazima ipimwe upya, maana transfa imechukua nafasi.
(c) Difu ya mbele pamoja na shafti, jointi na habu zake.
(d) Springi na vishikio vya mbele vya kubeba difu hiyo.
(e) Vifaa vya usukani na paipu za breki zenye urefu unaofaa.
(f) Nafasi chini ya injini. Mara nyingine sampu ya oili huzuia difu, nayo hubadilishwa.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux, pikapu inayojulikana sana hapa Tanzania. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, nayo ilivuta nyuma tu. Mbele haikuwa na ekseli nzima. Kila gurudumu lilisimama peke yake. Ya kuvuta magurudumu manne ilitoka mwaka 1979. Kiwanda hakikuongeza transfa tu. Kiliweka mbele ekseli nzima yenye difu, juu yake springi za vyuma bapa. Yaani sehemu yote ya mbele ilibadilishwa. Ikiwa kiwanda kilifanya hivyo, fundi wa gereji hawezi kuikwepa kazi hiyo.

3. HESABU YA MENO

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Ndani ya difu mna gia kubwa na gia ndogo. Meno yake huhesabiwa.

Tuseme difu ya nyuma ina gia kubwa ya meno 41 na gia ndogo ya meno 10. Propela ikizunguka mara 41, magurudumu ya nyuma yatazunguka mara 10.

Sasa fundi amepata difu ya mbele kutoka gari jingine. Gia kubwa ina meno 41, gia ndogo ina meno 9. Propela ya mbele ikizunguka mara 41, magurudumu ya mbele yatazunguka mara 9 tu.

Nyuma 10, mbele 9. Ni kama kufunga maksai wawili kwenye nira moja, mmoja anataka kukimbia na mwingine anatembea. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo, na shida haionekani mara moja. Kwenye ardhi kavu hayana pa kuteleza. Kitu kilicho dhaifu ndicho kitakachovunjika: jointi, shafti au transfa.

Kwa hiyo kumbuka: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja, na matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja. Mwambie fundi ahesabu meno mbele yako. Wewe unajua kusoma na kuhesabu. Andika.

4. USALAMA

Kazi hii hukata na kuchomelea chesisi. Chesisi ni uti wa mgongo wa gari. Ikichomelewa vibaya hupasuka njiani. Gari likiinuliwa juu, hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Paipu ya breki ikiwa fupi, hukatika springi zinapocheza. Usukani usipopimwa vizuri, gari huvuta upande. Tope halimuui dereva, lakini breki mbovu zinaua.

Jambo jingine: magari mengi ya namna hii hayatakiwi kutumia magurudumu manne kwenye lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa hubanwa. Ukifika kwenye lami, rudisha kwenye magurudumu mawili.

Pia kumbuka kadi ya gari, ambayo hutolewa na TRA. Ina namba ya chesisi. Wako wanaochukua bodi ya pikapu yao na kuiweka juu ya chesisi ya gari jingine. Kiufundi njia hiyo ni nyepesi, lakini sasa chesisi ni nyingine na kadi haifanani na gari. Kabla ya kazi kuanza, nenda TRA, kwa askari polisi mkaguzi wa magari na kwa wenye bima. Uliza, upate majibu kwa maandishi.

5. TUBADILI AU TUUZE?

Fanya hesabu hii na kikundi chako:

A = gharama yote ya kubadili: vifaa, ufundi, usafiri, na mapato yanayopotea gari likiwa gereji.
B = bei ya kuuza pikapu yenu kama ilivyo.
C = bei ya pikapu iliyotoka kiwandani ikiwa na magurudumu manne ya kuvuta.

Toa B kutoka C. Jibu ndilo mnalohitaji kuongeza ili mnunue nyingine. Kama A ni kubwa kuliko jibu hilo, msibadili.

Mfano wa kujifunzia, siyo bei za sokoni: A ni shilingi 9,000,000. B ni shilingi 12,000,000. C ni shilingi 20,000,000. Basi 20,000,000 toa 12,000,000 ni 8,000,000. Kubadili kumezidi kwa shilingi 1,000,000, na bado gari lililobadilishwa ni zito zaidi na hula mafuta zaidi.

Mara nyingi hesabu huangukia hapo. Kubadili hufaa zaidi kama mmepata gari bovu zima la aina ile ile, lenye sehemu zote za mbele, na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Kaliangalieni gari alilolitengeneza.

6. YA KUFANYA KABLA YA YOTE

Labda shida yenu ni sehemu mbaya moja tu ya njia. Chimbeni mtaro maji yatoke, mwageni changarawe. Fungeni matairi yenye meno makubwa. Chukueni minyororo ya matairi, majembe na mbao mbili. Mkiwa na mzigo, uwekeni karibu na ekseli ya nyuma, bila kuzidisha uzito. Mkokoteni wa maksai unaweza kuvusha magunia kwenye tope, pikapu ikasubiri ng'ambo.

Na mkiamua kubadili, andikeni mkataba. Uonyeshe kila kifaa, hesabu ya meno ya difu, bei, siku ya kumaliza, na nani atalipa kikivunjika. Lipeni kwa awamu, mkichukua risiti. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini pikapu tupu huteleza upesi kuliko yenye mzigo kiasi?
2. Difu ya nyuma ina meno 43 na 10. Ya mbele ina meno 43 na 11. Je, zinafaa kufungwa pamoja? Eleza.
3. A ni shilingi 6,000,000, B ni 10,000,000, C ni 18,000,000. Mtabadili au mtauza? Ni mambo gani mengine mtayafikiria?
4. Katika kijiji chenu, ni sehemu gani ya njia inayozamisha magari? Mnaweza kufanya nini kabla ya mvua zijazo?