Luano hadi Kalemie kwa ndege

Swali: Msomaji wa Lubumbashi anauliza, Kalemie iko umbali gani kwa ndege, na safari huchukua muda gani?

Jibu: Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Luano hadi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ni kilometa 660 hivi. Ndege ya propela iendayo kilometa 500 kwa saa huhitaji saa 1 na dakika 20. Kupaa na kushuka huongeza dakika 15 au zaidi. Ikitua Manono njiani, safari hurefuka sana.

Saa ya Kalemie ni ileile ya Lubumbashi.

Ya Kinshasa ndiyo huwachanganya abiria, maana iko nyuma kwa saa 1: anayeondoka Luano saa 4:00 asubuhi, akaruka saa 2 na nusu, hufika saa 5:30.