Mzazi Atumikiaye Chuo cha Mwanawe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mas-ala. Baba ameezeka makuti siku tatu juu ya chuo asomamo mwanawe, wala ujira haukutajwa. Mwisho wa mwezi mwalimu adai ada waliyoafikiana, baba asema, "Kazi yangu ndiyo ada." Je, ana haki?

Jawabu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277), kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba afanyaye kazi pasipo kutajwa ujira hana ujira. Iko kauli nyingine, nayo yaonekana njema: akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi ile kwa malipo, hupewa ujira wa mfano wake. Basi baba huyu, ikiwa ni mvuvi, hana kitu kwa kauli zote mbili. Amejitolea, na ada i palepale.

Lau mwalimu angalisema kabla, "Ezeka paa hili, nami nitamsomesha mwanao miezi mitatu tangu leo," ingalikuwa ijara sahihi, kwa kuwa kazi yajulikana na badali yajulikana. Ama "Nitakuangalia" si mapatano, nalo ndilo neno lizaalo ugomvi vyuoni.

Wala haifai mwalimu kumtanguliza mtoto wa aliyeezeka katika zamu ya kusoma, na mtoto wa mjane akangoja.