Dondoo muhimu: Kutoa maoni kuhusu vitabu

Mkikutana Kampala kujadili riwaya, mashairi na tawasifu, msivipime vyote kwa kipimo kimoja. Kwa upande wa mashairi, Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, usomwe kwa sauti. Ni kilio cha mke aliyedharauliwa, na macho peke yake hayautendei haki. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi (2014) inafunguka mtaani Bwaise mwaka 2004, halafu inarudi 1750. Chora ukoo kwenye karatasi kabla hujalalamika kwamba majina ni mengi. Mimi hutia alama ya penseli pale kitabu kiliponichosha, nikautaja ukurasa. "Sikukipenda" ni haki yako, ila onyesha kilikupoteza wapi. Kama hukukimaliza, sema mapema.