Mgongo uliopinda na maumivu ya mguu

Uti wa mgongo uliopinda upande unaweza kubana mizizi ya mshipa mkubwa wa fahamu. Maumivu hushuka kutoka kiunoni, kupitia takoni, hadi mguuni.

Usilale siku nzima; tembea kidogo kidogo. Jerikani la lita 20 likijaa maji lina uzito wa takriban kilo 20. Beba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, hata kama utarudi tena bombani. Ukilala ubavu, weka kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti.

Mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au kujitokea, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo: ukichelewa, waweza kubaki na ulemavu.