Msimamizi mwema hulinda afya ya wafanyakazi wake

MIONGONI mwa wagonjwa wanaomwendea daktari wakilalamikia kuumwa kichwa, mgongo, tumbo au kukosa usingizi, wapo ambao vipimo vyao havionyeshi malaria, homa ya matumbo wala vidonda vya tumbo. Wakiulizwa zaidi, husema shida huwaanza Jumapili jioni, wanapokumbuka kwamba kesho ni siku ya kazi.

Msomaji, iwapo wewe ni msimamizi kiwandani, mkuu wa idara, mwalimu mkuu au umeajiri watu watatu tu dukani mwako, somo la leo linakuhusu. Jinsi unavyowaongoza walio chini yako ni jambo la afya, sawa na maji safi na hewa ya kutosha.

Mtu anapotishwa, tezi zilizo juu ya mafigo humimina homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, msukumo wa damu huongezeka na sukari hupanda ili awe tayari kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Lakini karani anayefokewa kila siku hawezi kupigana wala kukimbia. Mwili wake hukaa chonjo kutwa kucha. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu, usingizi hupotea, shinikizo la damu huweza kupanda, na wengine hukimbilia pombe na sigara.

Uchunguzi wa watumishi wa serikali jijini London, uitwao Whitehall, ulioanza mwaka 1967, ulionyesha kwamba wenye vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wakubwa wao. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ulionyesha kuwa wafanyakazi wasio na usemi kuhusu kazi yao walikabiliwa na hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Saa za kazi pia zina madhara. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule wa saa 35 hadi 40.

Je, utamtambuaje aliyelemewa? WHO hutaja dalili tatu za uchovu unaoletwa na kazi: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kuidharau, na kushindwa kuifanya vyema kama zamani. WHO haiuhesabu uchovu huu kuwa ugonjwa. Ni matokeo ya taabu za kazini zilizodumu bila kushughulikiwa. Hivyo, dawa yake kubwa haimo katika chupa. Imo mikononi mwako.

Kwanza, sikiliza kabla ya kuhukumu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfanyakazi hodari akianza kuchelewa, mwite faraghani umuulize kulikoni. Huenda anakesha hospitalini na mtoto.

Pili, wape usemi. Waache wapendekeze zamu zitakavyopangwa au kazi itakavyogawanywa. Hilo halikugharimu hata senti.

Tatu, waache wapumzike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Hii si hisani yako, ni haki yake.

Nne, nyakati ngumu zikija, sema ukweli mapema. Kama kampuni imepata hasara, uvumi huwanyima watu usingizi kuliko habari yenyewe. Waeleze kinachojulikana na lini watapata habari zaidi. Aliyerudi kutoka mazishini mpe kazi nyepesi kwanza. Watu hustahimili dhiki wakijua hawako peke yao.

Huruma haina maana ya kufumbia macho uzembe. Kosa lirekebishwe, lakini faraghani, na ukemee tendo bila kumtusi mtu. Anayefedheheshwa mbele ya wenzake hujifunza kuficha makosa. Penye mitambo au dawa, kosa lililofichwa huweza kuua.

Nawe msimamizi usijisahau. Unabanwa na walio juu na walio chini. Pima shinikizo la damu, kwa kuwa mara nyingi halina dalili. Lala saa saba au nane, tembea kwa miguu, na uwe na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni.

Mwisho, mfanyakazi akisema amechoka kuishi, usilichukulie kuwa mzaha. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo akilini. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Naye anayebanwa na kifua, akitokwa jasho jembamba au kukosa pumzi, apelekwe mara moja, hata kama wenzake wanadhani ni uchovu tu.

Leo, kabla ya kutoka kazini, mtafute yule ambaye amenyamaza mno siku hizi. Mjulie hali, kisha ungoje jibu lake.